Galápagos: ulale botini au kisiwani, na uende upande upi

Iguana dume alishuka mbele ya miwani yangu kama gogo lililotumbukizwa majini, miguu ameibana ubavuni, mkia ukimsukuma kushoto na kulia. Alipofika chini, kina cha mita tatu hivi, akakita kucha kwenye mwamba, akainamisha kichwa upande mmoja na kuanza kukwangua mwani kwa meno ya pembeni. Kila wimbi lililopita juu lilimyumbisha mwili mzima kama nguo kwenye kamba, lakini kucha hazikuachia. Nilielea juu yake nikisikia pumzi yangu tu ndani ya mrija wa snokeli, mpaka ncha za vidole zikafa ganzi kwa baridi. Aliposhiba alipanda, akanipita karibu bila kunijali, akaogelea hadi kwenye mawe meusi ya lava na kupiga chafya. Chumvi ikaruka puani mwake kama mnyunyizo mweupe.

Hapo palikuwa Punta Espinoza, kwenye kisiwa cha Fernandina, magharibi kabisa mwa Galápagos. Safari yangu ya kwanza huko nililala hotelini siku tisa na kuona mengi mazuri, ila Fernandina niliiona kwenye ramani tu. Boti za kwenda na kurudi siku moja hazifiki huko. Safari ya pili nililala botini, na iguana yule akayateka macho yangu kwa nusu saa nzima.

Ndiyo sababu mtu akiniuliza achague boti au hoteli, sianzi na bei. Namuuliza: ni mnyama gani ambaye ukirudi nyumbani bila kumwona moyo utakuuma? Jibu lake ndilo linalochagua upande wa visiwa, na upande wa visiwa ndio unaochagua mahali pa kulala. Wengi wanaanzia mwisho. Wanapata boti yenye punguzo, wanalipa, halafu usiku wa kwanza wakisomewa ratiba wanagundua kwamba haikaribii kabisa kile walichokuwa wakikiota.

Yasiyobadilika vyovyote utakavyochagua

Yapo mambo yatakayokukuta ukilala popote, basi yaondoe kwenye mizani mapema. Galápagos ni sehemu ya Ekuador, yapata kilomita 1,000 kutoka pwani ya bara. Ndege zinatoka Quito au Guayaquil na kutua Baltra, jirani na kisiwa cha Santa Cruz, au San Cristóbal. Kabla ya kupanda unalipia kadi ya udhibiti wa wasafiri, dola 20, na mzigo wako unakaguliwa usije ukabeba matunda, mbegu au wadudu. Ukishatua, mgeni mtu mzima analipa dola 200 za kiingilio cha hifadhi. Kabla ya tarehe 1 Agosti 2024 zilikuwa dola 100. Fedha ya Ekuador yenyewe ni dola ya Marekani, kwa hiyo hakuna kubadilisha noti.

Asilimia 97 ya nchi kavu ya visiwa hivi ni hifadhi ya taifa, iliyoanzishwa 1959, na bahari inayovizunguka ilifanywa hifadhi 1998. Sehemu nyingi za hifadhi huingii bila mwongozaji mwenye leseni, na mwongozaji mmoja hachukui zaidi ya watu 16. Unakaa mita mbili kutoka kwa mnyama. Hugusi, hulishi, hupigi picha kwa taa ya kumulika. Wanyama wenyewe hawajui sheria hiyo: simba-bahari mdogo atakuja kukunusa mapezi ya miguuni, na hapo wajibu wako ni kutulia, mikono kifuani, mpaka aridhike aondoke.

Kuna sheria moja ambayo watalii wengi hawaisikii mpaka wameshalipa, na ndiyo inayoeleza kila kitu: boti ya kulala haitakiwi kurudi mahali pale pale pa kutembelea kabla ya siku 14 kupita. Kwa hiyo boti hizo zina mzunguko mrefu wa wiki mbili, unaokatwa vipande vya siku nne, tano au nane na kuuzwa kimoja kimoja. Wiki hii boti iko magharibi, wiki ijayo boti hiyo hiyo iko mashariki au kaskazini. Wiki moja haikupi visiwa vyote, hata ulipe kiasi gani. Ukiona tangazo la boti uliyoipenda, tarehe ndiyo inayokuambia utakwenda upande upi.

Botini na kisiwani, ana kwa ana

Boti ya kulala inasafiri usiku. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na inazidi chakula na vyumba vyote. Unalala ukiwa Santa Cruz, unaamka nanga imeshashushwa mbele ya kisiwa kingine, na saa kumi na mbili asubuhi, sehemu za kutembelea zinapofunguliwa, tayari umo kwenye boti ndogo ya mpira unaelekea ufukweni. Kutembea asubuhi, snokeli kabla ya chakula cha mchana, mara nyingi snokeli tena alasiri, kisha kutembea hadi jua linapozama. Siku ya namna hiyo inachosha uchovu mtamu, na haipotezi saa hata moja barabarani.

Lakini hesabu siku vizuri. Safari ya "siku nane" inaanza mchana wa siku ya kutua na kuisha asubuhi ya siku ya kuruka, kwa hiyo siku kamili ni sita. Ya siku nne ina siku kamili mbili tu. Bila kuzunguka: ya siku nne mimi simshauri mtu, isipokuwa kama anaiunganisha na siku kadhaa za kulala kisiwani. Mwili unaanza kuzoea mawimbi, unafunga mizigo.

Jambo jingine linalouma botini ni saa. Mwongozaji anasema dakika arobaini na tano majini, na zikiisha ni zimeisha, hata kama kasa amekaa chini yako akila. Kundi zima linaondoka pamoja. Kwa mtu anayependa kukaa mahali pamoja mpaka mahali pamzoee, hili ni gumu kuliko anavyodhani.

Na hapo ndipo kisiwa kinapomshinda boti. Visiwa vinavyokaliwa vyenye huduma za kutosha kwa mgeni ni vitatu: Santa Cruz, San Cristóbal na Isabela. Floreana nayo inakaliwa, ila na watu wachache sana. Kwenye vyote vitatu kuna mahali pa kuogelea bila mwongozaji na bila kulipia ziara. Pale Puerto Villamil, kisiwani Isabela, ukitoka gatini unapita njia ya mbao katikati ya mikoko, mara nyingi ukiruka iguana na simba-bahari waliolala juu yake, mpaka unatokea kwenye kidimbwi cha bahari kiitwacho Concha de Perla. Maji yametulia kwa sababu mwamba unakinga mawimbi. Nilikwenda pale asubuhi nne mfululizo. Asubuhi ya kwanza niliona samaki na kasa mmoja, nikaridhika. Ya tatu, samaki aina ya taa, wenye madoa meupe, walipita chini yangu watatu kwa mpangilio, wakipiga mabawa polepole. Ya nne sikuona taa wala kasa, ila nilikuwa nimeshajua kila pango na kila jiwe. Hakuna boti inayoweza kukupa asubuhi nne mahali pamoja, sheria yenyewe inaikataza.

San Cristóbal ina ghuba ndogo ya Tijeretas, mwendo wa miguu kutoka mji wa Puerto Baquerizo Moreno, ambako simba-bahari wadogo wanakuja wenyewe. Mmoja alikuwa na unyoya wa ndege. Anauachia uzame, anauzunguka, anaudaka kwa midomo, anapanda nao hadi usoni pangu, anauachia tena. Alipoona siuchukui akauondoa akaenda kumtafuta mwenzake.

Tatizo la kisiwani ni safari za kwenda na kurudi. Ziara za kutwa kwenda North Seymour, Bartolomé, Santa Fe au Plaza Sur kutoka Santa Cruz, León Dormido kutoka San Cristóbal, au Los Túneles kutoka Isabela ni nzuri kweli kweli. Los Túneles ni mapito ya lava yaliyoporomoka na kujaa maji, na ndimo mwongozaji atakakokuonyesha farasi wa baharini aliyejishikiza kwa mkia, na papa wadogo wenye ncha nyeupe waliolala chini ya mwamba. León Dormido ni jabali lililopasuka katikati ya bahari. Unaogelea kwenye ufa wake, kuta pande zote mbili, na chini gizani wakati mwingine wanapita papa nyundo. Ila kila ziara inakula saa za kwenda na kurudi, na unafika wakati jua limeshakuwa kali na boti nyingine zimeshafika. Bei zake kwa kawaida zinaanzia dola mia moja na ushee na kupanda kwenda mia mbili na zaidi. Ziara nne au tano, pamoja na hoteli na chakula, na ule unafuu uliouona mwanzoni unaanza kuyeyuka. Boti ya kulala ya daraja la chini kwa siku nane huuzwa kwa dola elfu mbili na kitu hadi elfu tatu kwa mtu. Za kifahari zinapita mara mbili ya hapo kwa urahisi.

Watu wengi wanachagua hoteli kwa kuogopa kuchafukwa na bahari, na hapa nataka niseme kwa msisitizo: kulala kisiwani hakukuepushi. Kutoka kisiwa hadi kisiwa unapanda boti ya mwendo kasi kwa saa mbili hivi, na boti hizo hazipandi wimbi, zinalipiga. Nimewahi kuona abiria wote wa upande mmoja wameinamia mifuko. Boti kubwa ya kulala inayumba polepole, na sehemu kubwa ya safari umelala chali, mkao ambao wengi unawasaidia. Ukiwa mtu wa kuchafukwa, meza dawa kabla ya chombo kuondoka, maana ukisubiri tumbo lianze dawa yenyewe haitakaa.

Upande upi wa visiwa

Hapa ndipo nilipotaka kufika.

*Magharibi* ni Fernandina na mgongo wa Isabela, ule upande usio na mji. Mkondo wa Cromwell unakuja chini ya bahari kutoka magharibi, unagonga visiwa hivi na kupanda juu ukiwa na baridi na virutubisho vingi. Mwani unastawi, samaki wanashiba, na wote wanaotegemea mwani na samaki wako hapo. Iguana wa baharini wanajazana juu ya mawe ya Punta Espinoza mpaka huoni pa kukanyaga. Mnandi wa Galápagos, ndege aliyepoteza uwezo wa kuruka akabaki na mabawa mafupi yaliyochakaa kama mwavuli wa zamani, anaishi Fernandina na kwenye pwani za Isabela za kaskazini na magharibi, hapa na si pengine popote duniani. Ukimwona nchi kavu akikausha vile vibawa unamhurumia. Majini huruma inaisha: anapiga miguu kwa nguvu, anapenya mwanya wa mwamba, anatoka na pweza.

Pengwini wengi wa visiwa hivi wako huku pia. Ni wadogo, kimo cha nusu mita hivi, na ndio pengwini pekee wa porini wanaofika kaskazini ya ikweta, maana ncha ya juu ya Isabela inaivuka. Ukiwa na snokeli hutawafuata, huwezi. Unachokiona ni mstari wa viputo vya hewa, na pengwini ameshafika mbele ya ule mstari. Halafu Punta Vicente Roca, chini ya ukuta mrefu wa volkano, kasa ni wengi kiasi kwamba unalazimika kuangalia usiwagonge. Gharama ya yote hayo ni baridi. Hii ndiyo bahari ya baridi kuliko zote visiwani, na miezi ya Agosti hadi Novemba inaweza kushuka hadi nyuzijoto 17 hivi. Bila suti nene ya mbizi, ya milimita tano, utatoka majini kabla ya wakati.

*Kusini-mashariki* ni Española, Floreana na San Cristóbal. Española ndiyo maskani ya albatrosi wa Galápagos, ambao karibu wote duniani wanazaa kisiwa hicho kimoja. Mabawa yake yakinyooshwa yanapita mita mbili, na akitua anaanguka zaidi ya kutua. Wapo kuanzia mwezi wa nne hadi wa kumi na mbili. Ukienda Januari hadi Machi hutawakuta, wako baharini, na nimekutana na mtu aliyekuja Februari kwa ajili yao tu. Hakuna aliyemwambia alipokuwa analipa. Ngoma yao ya uchumba inafaa safari nzima: dume na jike wanagongana midomo kama watu wanaocheza upanga, wanasimama, wanaelekeza midomo juu, wanatoa mlio, wanarudia. Floreana kwa upande wake ina Corona del Diablo, pete ya mawe iliyobaki baada ya volkano kuliwa na bahari. Snokeli ya hapo ni ya kasi, mkondo unakubeba kuizunguka pete, samaki wa rangi ndani na papa nje. Mwogeleaji mchanga ashike boya la mwongozaji asione haya.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji hawalipigii tarumbeta. Española ina ziara ya kutwa kutoka San Cristóbal. Pengwini nao wanaonekana Bartolomé na kwenye visiwa vidogo vya Tintoreras, mbele tu ya Puerto Villamil. Kwa hiyo kama moyo wako uko kwa albatrosi, pengwini, simba-bahari, kasa na kobe wakubwa wa nchi kavu, unaweza kulala kisiwani na kuwapata wote, ukiwa na siku za kutosha. Kinachokulazimisha kulala botini ni Fernandina, mnandi asiyeruka, na Genovesa.

*Genovesa*, kaskazini, ni ya ndege. Unaingia kwenye Ghuba ya Darwin, ambayo ni shimo la volkano lililofunguka upande mmoja, na hewa yote imejaa mabawa. Bubi wa miguu myekundu wanajenga viota vichakani, frigeti madume wanavimbisha mfuko mwekundu wa kooni, na juu kwenye mawe ya lava bundi anawinda mchana kweupe, anatembea kwa miguu akinyemelea mashimo ya ndege wadogo wa baharini. Rangi yake na ya mawe ni moja. Kundi letu lilimtazama dakika kumi kabla mtu wa nyuma hajamwona. Snokeli ya hapo ni kando ya ukuta wa ghuba, maji mazito kidogo, na mara nyingine papa nyundo. Kufika huko ni usiku mzima wa bahari wazi, na usiku huo ndio watu wengi wanaoukumbuka vibaya.

Darwin na Wolf, mbali zaidi kaskazini-magharibi, ni za wapiga mbizi wenye mitungi na uzoefu. Papa potwe wanapita huko kati ya Juni na Novemba. Kwa mtu wa snokeli, zipite.

Boti ya watu 16 au ya watu 100

Mia moja ndiyo kikomo cha abiria, na boti nyingi ni za 16. Kubwa haiyumbi sana, na anayesafiri na mzazi mzee ana sababu nzuri ya kuipenda. Ila kushusha watu mia kunahitaji makundi na zamu, na zamu zinakula muda wa majini. Ya 16 ina mwongozaji mmoja; akiwa hodari safari yote ni hodari, akiwa mchovu huna pa kwenda. Muulizie mwongozaji kwa jina na lugha zake kabla ya kulipa.

Kati ya boti ndogo, yenye matumbo mawili sambamba (katamarani) inatulia zaidi kuliko ya tumbo moja. Chumba cha chini, katikati ya boti, ndicho kinachoyumba kidogo kuliko vyote, na mara nyingi ndicho cha bei nafuu. Ubaya wake ni mngurumo wa injini. Ziba masikio, utalala.

Majira

Januari hadi Mei ni msimu wa joto. Maji yanafika nyuzijoto 24 hadi 27, bahari inatulia, unaona mbali chini ya maji, na mvua zinanyesha kwa vipindi. Kuanzia Juni hadi Novemba mkondo wa Humboldt unaleta baridi, mbingu inafunikwa na manyunyu mepesi yanayoitwa garúa, na mawimbi yanakua, Septemba yakiwa mabaya zaidi. Ukiangalia picha za matangazo utadhani jibu ni wazi. Si wazi hata kidogo. Ile baridi ndiyo chakula. Maji yana ukungu wa viumbe wadogo, huoni mbali, lakini kinachotokea karibu yako ni kingi maradufu: ndege wanatumbukia juu ya kichwa chako, pengwini wanakimbiza dagaa, simba-bahari wanazaa.

Na joto likizidi, wanyama wanakufa. Mwaka wa El Niño, yaani bahari inapopata joto kuliko kawaida, mwani unapotea, na iguana wanakonda. Imethibitika kwamba hata urefu wa mwili wao unapungua, kisha wanarefuka tena chakula kikirudi. El Niño ya 1982 na 1983 iliangamiza zaidi ya robo tatu ya pengwini wa Galápagos. Ninapoingia kwenye maji ya baridi sasa, nikitetemeka, huwa nakumbuka hilo, na siombi yapate joto.

Kwa anayeanza snokeli, au mwenye watoto, ninasema Aprili au Mei, tena alale kisiwani, aanzie Concha de Perla na Tijeretas, achukue ziara moja ya Los Túneles na moja ya Española, maana albatrosi wameshaanza kurudi. Kwa aliyezoea bahari na anayetaka kuona kile asichoweza kukiona popote, boti ya siku nane, magharibi, kati ya Juni na Agosti, na suti nene. Mpenda ndege atafute ile inayounganisha magharibi na Genovesa, zipo. Mwenye wiki mbili na mfuko unaoruhusu, afanye vyote viwili: siku nane za boti kwanza, kisha siku nne Isabela akiwa hana saa. Anayebanwa na fedha ila ana muda, akae Puerto Ayora, mji wa kisiwa cha Santa Cruz, siku kadhaa na kupita ofisi za mawakala, kwa sababu nafasi zilizobaki kwenye boti zinazoondoka wiki hiyo huuzwa kwa punguzo kubwa. Tatizo ni kwamba hapo hachagui upande, anachukua kilichopo.

Kabla ya kulipa, omba ratiba ya siku kwa siku yenye majina ya mahali. "Snokeli kila siku" haitoshi. Uliza ni ngapi zinaanzia ufukweni, ambako unaingia majini kwa kutembea, na ni ngapi za kujitosa kutoka kwenye boti ya mpira mahali pa kina kirefu. Uliza unene wa suti wanazokodisha na kama zipo za kimo chako. Uliza kama mwongozaji anaingia majini pamoja nanyi au anabaki juu.

Na miwani ya mbizi nenda na yako, uliyoijaribu kwenye maji ukiwa bado nyumbani. Mimi nilitegemea ya kuazima, ikawa inavuja pembeni ya pua. Tulipokuwa chini ya ukuta wa Tagus Cove, ghuba ya magharibi mwa Isabela, niliinua kichwa kumwaga maji, na wenzangu wote wanne wakapiga kelele ndani ya mirija yao kwa pamoja. Nilipoirudisha usoni palikuwa na mstari wa viputo tu, unapanda polepole kuelekea juu.